Boksi la kadi za kutia moyo la sh 10,000, mi nasifia upande wa nyuma

Nimekaa na hili boksi miezi mitatu ndo naandika saivi, maana sikutaka kusifia kitu cha siku ya kwanza. Ni kadi za kutia moyo, ziko 24, wanauza akina mama wa umoja wa wanawake kwenye meza yao nje ya kanisa baada ya ibada, pale pembeni ya mnada wa kuku na mikungu ya ndizi za sadaka, sh 10,000 na bahasha zake humo humo. Kadi ina ukubwa wa kiganja, mbele kuna mstari wa Biblia na mchoro, nyuma pako wazi kabisa, hamna hata nembo. Mwanzoni niliona kama wamebania wino, kumbe hapo penye uwazi ndo hela yangu ilipoenda.

Mistari wametumia tafsiri ya Biblia ya Union Version, ile ya 1952 ambayo wengi wetu tumeikariri tangu Sunday school, na kwa hilo nawashukuru sana. Kadi ninayoipenda kuliko zote ni ya Mithali 25:11, "Neno linenwalo wakati wa kufaa, ni kama machungwa katika vyano vya fedha." Aliyechora kachora machungwa ya kijani, haya haya ya Muheza tunayomenyewa stendi, yani ukiiangalia unaijua harufu yake. Mtoto wangu wa darasa la tano akaniuliza, mama vyano ni nini? Nikamwambia chano ni kama sinia, zamani lilikuwa la mbao, hili la kwenye Mithali ni la fedha. Akakaa kidogo akasema, kwa hiyo chungwa peke yake halitoshi mpaka sinia? Hilo swali limenikaa kichwani kuliko mahubiri mengi niliyosikia mwaka huu.

Kasoro zipo na nitazisema. Kadi ya "farijianeni na kujengana" wameandika 1 Wathesalonike 5:17 wakati ni 5:11, hiyo 17 ni ombeni bila kukoma, nimekuwa nikirekebisha kwa kalamu moja moja kabla ya kutoa. Alafu karatasi inateleza, biki ya kawaida inarukaruka herufi na kalamu ya jeli inachafuka ukipitisha mkono, inabidi uandike uache ikauke kama robo saa hivi. Gundi ya bahasha ndo usiseme, mi nachomeka tu kifuniko ndani. Nimewaambia akina mama wenyewe pale mezani wakapokea vizuri, wakasema toleo lijalo watarekebisha.

Sasa ngoja niseme kosa nililofanya mimi, ili mwingine asirudie. Jirani yangu, mama mtu mzima, alifiwa na mume. Nikaenda msibani siku ya pili na kadi ya Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", sikuandika chochote nyuma, nilikuwa na haraka ya kazini nikaona Neno la Mungu linajitosheleza. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka na ndugu zake, shikamoo mama, pole sana mama, nikampa. Akaisoma taratibu akiisogeza mbali na macho maana miwani hakuwa nayo. Akaigeuza nyuma. Akaangalia pale pako wazi, akaigeuza tena mbele, akasema asante mwanangu, akaiweka chini ya kikombe cha chai.

Ule mkono ulivyogeuza kadi siwezi kuusahau. Alikuwa anatafuta kitu kutoka kwangu.

Nilirudi nyumbani nikaisoma ile sura ya 29 yote, nikaona hata mstari wenyewe nilikuwa nimeukata kutoka mahali pake. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10, hapo hapo juu yake, wanaambiwa ni miaka 70 kwanza! Wameambiwa jengeni nyumba, pandeni bustani, maana mtakaa sana. Kumbe ni tumaini la watu waliokwisha kuambiwa ukweli wa hali yao, mimi nimeligawa kama panado. Na rafiki zake Ayubu pia nikawakumbuka, walikaa nae chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno maana waliona maumivu yake ni makubwa mno, na hapo walikuwa wanafanya vizuri, shida ilianza walipofungua midomo kumweleza sababu, mpaka akawaita wafariji wenye kutaabisha.

Toka hapo sitoi kadi bila kuandika nyuma, na naandika kitu nilichokiona kwa macho yangu kwa huyo mtu. Kuna kijana wa mitambo pale kanisani, huyo watu wanamkumbuka maiki ikipiga kelele tu, wote shingo zinageuka kumwangalia. Nikamwandikia: "Jumapili ile ya mvua ulivua koti lako ukafunika spika, ukakaa umelowa mpaka ibada ikaisha. Nilikuona." Basi. Mistari miwili. Juzi ananionyesha video ya kwaya kwenye simu yake, naona ndani ya lile kava linaloonyesha nyuma ya simu kuna machungwa ya kijani. Hakusema kitu na mi sikusema.

Watu wengi tunadhani kutia moyo ni mdomo mtamu. Barnaba jina lake ni Yusufu, mitume ndo walimpa hilo lingine, maana yake Mwana wa faraja, iko Matendo 4:36. Sauli, ndo Paulo huyo, aliyekuwa akiwatesa waumini, alivyofika Yerusalemu wanafunzi wakamwogopa wote, Barnaba akamchukua akampeleka kwa mitume akawaeleza alivyomwona Bwana njiani na alivyohubiri kwa ushujaa Dameski, yani alisema jambo analolijua juu ya huyo mtu na akalisema mbele za watu huku jina lake mwenyewe likiwa hatarini. Baadae Paulo akamkataa Marko, mwenzao wa safari, kwasababu aliwahi kuwaacha njiani kule Pamfilia, Barnaba akaondoka na Marko kwenda Kipro, na miaka ya mbele ni Paulo huyo huyo anamwandikia Timotheo amlete Marko, "maana anifaa kwa utumishi". Mtu alitunziwa nafasi na maneno ya mwenzake.

Kwa hiyo kama unauliza hizi kadi zina tofauti gani na mistari yenye maua tunayorushiana kwenye grupu la jumuiya kila asubuhi, tofauti ni ile nafasi nyuma, inakulazimisha umfikirie mtu mmoja kwa jina. Nawapa nyota 4 kati ya 5, moja nimeipunguza kwa ajili ya karatasi na gundi.

Yule mama jirani nilimrudia matanga yalipoisha, watu wameshaondoka na turubai limeshashushwa, nikakaa nae jioni nzima tukichambua mchicha. Nilimwachia kadi nyingine, nimeandika jinsi mzee alivyokuwa anawajazia upepo baiskeli watoto wa mtaa mzima, wa kwangu wakiwemo, na hakuwahi kuwafukuza. Safari hii aliigeuza nyuma kwanza.

Zimebaki kadi 5. Moja ni ya mchungaji wetu, watu wote tunampelekea matatizo na sijawahi kusikia mtu akimpelekea neno. Nimechagua ile ya Isaya 50:4, ya kumtegemeza kwa maneno yeye aliyechoka, na nyuma bado sijaandika, ila nakumbuka siku alipokuja wodini saa tano usiku na viatu vyenye matope, nadhani nitaanzia hapo.