Zumu ya zamani ya 80-200, miezi nane nayo hapa Tanga (uzoefu wangu)

Habari zenu wadau. Naandika hii maana kabla sijanunua nilitafuta mtu aliyeandika kwa Kiswahili kuhusu hizi zumu za zamani (lenzi za kuvuta karibu na kurudisha mbali) nikakosa, kila ninayemuuliza ananiambia "za zamani ni chuma, chukua tu". Sasa mimi nimechukua na nimekaa nayo miezi nane, nina ya kusema.

Napiga picha za harusi na siku za mechi naenda uwanja wa Mkwakwani. Kamera yangu ni Sony a6000, ya kawaida tu. Lenzi mpya ndefu ya maana bei yake ni kiwanja kule Pongwe, kwaiyo nikaona isiwe tabu, nikapata zumu ya milimita 80-200, tundu la mwanga f/4 mwanzo mpaka mwisho (namba ya f ikipanda tundu linakuwa dogo), ya mkono tupu haina otofokasi, ya miaka ya 80 mwanzoni, imetengenezwa Japani, maunti yake (pale inaposhika kamera) ni ya Nikon F, kwaiyo kwenye Sony yangu inakaa kwa adapta, ila lenzi yenyewe ni ya kampuni nyingine. Kampuni siitaji, kitu cha miaka zaidi ya 40 kikichakaa sio kosa la aliyekitengeneza. Jamaa wa Dar akaniuzia 95,000 akaituma kwa basi, nikaenda kuipokea stendi ya Kange.

Jamani nilivyoitoa kwenye magazeti niliipenda palepale. Nzito, baridi mkononi, namba zimechongwa kwenye chuma na kujazwa rangi, vioo ukimulika tochi visafi kabisa, hakuna fangasi. Na kwa watu wa mwambao fangasi ndo adui wa kwanza, kwaiyo nikaona hapa nimeokota. Mi nilikuwa naangalia kioo tu. Kumbe ugonjwa haukuwa kwenye kioo.

Mechi ya kwanza nimekaa juu jukwaani nimeelekeza lenzi chini uwanjani. Hii zumu ni ile ya kusukuma na kuvuta, ringi moja inafanya kazi zote, ukiizungusha unafokasi, ukiivuta kwako unaenda 200, ukiisukuma mbele unarudi 80. Sasa kila nikiweka 200 na lenzi imeinama, ringi inateleza yenyewe mbele, unashtukia upo 150, unavuta tena inateleza tena. Ukiining'iniza shingoni ndo kabisa, inashuka yote mpaka mwisho na unaisikia tok. Nikasema sawa, nitaishika. Lakini nyumbani nikifungua picha nachanganyikiwa, zipo kama 140, labda 30 ndo shapu, na hazina mpangilio, mchezaji yuleyule, umbali uleule, picha hii unaona mpaka uzi wa jezi inayofuata imeblaa. Na shata ilikuwa 1/1000 ya sekunde kwaiyo sio mkono wangu kutetemeka.

Hapa ndo watu wengi wanasema lenzi mbovu wanaiuza kwa mwingine. Mi nikataka nijue inaumwa wapi.

Jaribio la kwanza nililifanya vibaya, nisikufiche. Nilienda Raskazone saa saba mchana nikawa napiga kisiwa cha Toten na meli zilizotia nanga huko nje, nikaona kila kitu kimelegea nikakata tamaa. Kumbe mchana ule jua limewaka hewa juu ya maji inacheza kama juu ya sufuria, hata lenzi ya mamilioni ingetoa picha ya uji. Kama unataka kupima kwa vitu vya mbali nenda alfajiri, saa kumi na mbili na nusu hivi, kabla joto halijapanda.

Jaribio la pili ndo lilinifungua macho. Nilichukua kanga ya mke wangu, kanga nzuri sana kwa hii kazi, ina pindo limezunguka pande zote, ina vidoa vidogo katikati, na ina jina, yaani maandishi ambayo yamekaa mstari mmoja kuanzia kushoto mpaka kulia. Nikaitundika ukutani nikaibana na vibanio imenyooka. ("Baba Aisha, kanga yangu mpya ndo unaianika juani ipauke?" Nikamwambia mama Aisha nusu saa tu.) Kamera nikailaza juu ya mfuko wa mchele wa kilo 5 kwenye kiti, nikaweka taima ya sekunde mbili ili nisiiguse. Kwa 80 nilikaa kama mita tano, kwa 200 ikabidi nirudi nyuma mpaka karibu na geti, hatua kumi na saba, ndo kanga iingie yote. Nikapiga 80, 100, 135, 200, kila moja kwa f/4 na f/8, nafokasi upya kila mara nikiwa nimekuza kwenye skrini.

Nilivyoziangalia kwenye kompyuta, kwa 80 jina la kanga linasomeka lote safi. 135 aisee, pale ndo nilinyamaza, hata f/4 unaona nyuzi za kitambaa. 200 kwa f/4 katikati inaridhisha, kuna zambarau kidogo kwenye kingo za herufi nyeusi, lakini herufi za kulia zimevimba kama zimeloa maji, na za kushoto hazina shida. f/8 inapunguza ila haimalizi.

Nikajiuliza labda ukuta na kamera havijaenda sambamba. Hapa kuna ujanja mmoja rahisi, geuza kamera kichwa chini, fokasi tena, piga tena. Kama kosa ni la ukuta, herufi zilezile zitaendelea kuwa mbovu. Kama ni lenzi, ubovu utahamia kwenye herufi za upande wa pili. Ukahama. Kwaiyo ni lenzi, kuna kundi la vioo limeinama ndani.

Sasa kuinama huko kunatoka wapi, ndo sehemu ninayoipenda. Ndani ya zumu makundi ya vioo yanatembea mbele na nyuma kwa kufuata mifereji iliyochongwa kwenye bomba, na kwenye mifereji kunapita virola vidogo vya shaba au nailoni. Miaka 40 ya kusukuma na kuvuta virola vinalika, grisi inakauka au inayeyuka inakimbia, matokeo yake kunakuwa na plei, kama gari bushi zimekwisha. Vioo vinalala kwa uzito wake popote vinapotaka. Nilithibitisha hivi, nikaweka 135, nikakuza kwenye skrini, kisha kwa kidole kimoja nikainua ncha ya lenzi taratibu, picha ikaruka. Tena kuna hili: nikifika 135 kwa kuvuta kutoka 80 picha kali, nikifika 135 ileile kwa kusukuma kutoka 200 inakuwa imelegea kidogo mpaka nifokasi upya. Namba kwenye ringi ni moja lakini vioo vimekaa sehemu mbili tofauti! Ndo maana picha za Mkwakwani hazikuwa na mpangilio, nilikuwa navuta na kusukuma ovyo huku nafuata mpira.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Ngamiani, mzee wa saa na redio, sio wa kamera. Shikamoo, marahaba, akaishika akaitikisa karibu na sikio langu. "Mwanangu, sikia, hiki kinacheza hapa." Kweli, tok tok ndani. Akaubandua mpira wa ringi taratibu na kisu butu, chini yake kulikuwa na skrubu tatu. Hapa kuna kitu nataka mkishike. Skrubu za Kijapani za zamani zinafanana na za nyota za kawaida lakini sio zenyewe, wana kipimo chao kinaitwa JIS, bisibisi ya nyota ya kawaida haikai mpaka chini, inapanda juu na kula kichwa. Moja ililika palepale ikabidi itolewe kwa koleo. Sio kosa la mzee, hakuna aliyemwambia, na mimi mwenyewe nimelijua hilo baadaye. Kama unaipeleka kwa fundi tafuta bisibisi ya JIS nenda nayo.

Alichofanya ni kidogo tu. Kwenye bomba ringi inapoteleza kulikuwa na vipande vya kitambaa laini vimelika vikawa vyembamba kama karatasi, akavitoa akaweka vipya, akapaka grisi kidogo sana, kidogo kabisa, maana kwa joto letu hili ukijaza grisi inachuruzika mpaka kwenye mapanga ya apecha (yanayofunga tundu la mwanga) yananata. Elfu kumi na tano. Ringi sasa inakaa unapoiacha, hata ukiinamisha. Virola vya ndani hatukugusa, maana bila mashine ya kupangia vioo ukishafungua huko unaweza kurudisha vibaya kuliko vilivyokuwa.

Nikadhani imeisha. Bado, ikabaki moja iliyonisumbua wiki mbili. Nafokasi kwa 200 vizuri, narudi 80 kupata picha pana, fokasi imepotea. Na zumu hizi za zamani zilitengenezwa ili ukishafokasi, ukivuta au kusukuma fokasi ibaki palepale. Nikailaumu lenzi tena. Kumbe safari hii ni adapta. Umbali wa maunti ya Nikon F mpaka kwenye filamu ni milimita 46.5, wa Sony E ni 18, kwaiyo adapta inatakiwa iwe na unene wa 28.5 kamili. Mzee akaipima kwa venia (kipimo cha mafundi cha vitu vidogo), 28.2. Pointi tatu tu za milimita! Kwa lenzi isiyo na zumu huzioni, unafokasi unaendelea na maisha, sanasana ringi inapita alama ya mwisho kidogo. Kwa zumu zinaharibu mpango mzima. Tukakata kopo la soda, bati lake ni jembamba kama 0.1, tukatengeneza ringi tatu tukaziweka chini ya bamba la adapta tukafunga. Nikafokasi 200 kwenye kanga, nikarudi 80, herufi zimesimama. Nilicheka peke yangu pale kibarazani.

Kwa anayetaka kununua, swali la "hii modeli ni shapu?" halina jibu la moja kwa moja. Zumu ni lenzi nyingi ndani ya bomba moja na kila moja imezeeka kivyake, na iliyokaa kabatini haiwi sawa na iliyopigia harusi miaka 20. Wakati mwingine hata jina halitoshi. Vivitar Series 1 ya 70-210 kwa mfano, watu wanaitaja kama kitu kimoja wakati ilitengenezwa na viwanda tofauti, serial namba ikianza na 22 ni ya Kiron, 37 ni Tokina, 28 ni Komine, na ni lenzi tatu tofauti kabisa kwa muundo. Tena zumu za kamera za picha zimeanza zamani, Voigtländer walitoa Zoomar ya 36-82 mwaka 1959, kwaiyo sokoni kuna za kila umri. Ukikutana na muuzaji usiishie kumulika tochi kama mimi. Itikise sikioni. Iinamishe uone ringi inateleza. Shika ncha uinyanyue. Piga picha kwa milimita nne tofauti na uangalie pembe zote, na akikukatalia dakika kumi za kupiga picha, muachie lenzi yake.

Mambo mengine ya haraka. Jua likiwa mbele picha inakuwa nyeupe nyeupe kama ukungu, kofia ya lenzi ya kukinga jua, sio mfuniko, ni lazima. Naitunza kwenye kontena la chakula lenye mfuniko wa kubana na pakiti za silika, nazibadilisha zikilowa, mpaka sasa haina doa la fangasi. Uzito unachosha mkono wa kushoto kwenye harusi ndefu.

Na je, nimejuta? Hapana. Wiki iliyopita nilikuwa Deep Sea asubuhi wavuvi wanashusha samaki, nimeikaza kwenye 135, f/5.6, unaona magamba yamebaki kwenye vidole vya mvuvi. Nimeweka alama mbili za rangi ya kucha nyeupe kwenye bomba, moja 100 moja 135, nafika hapo siku zote kwa kuvuta, sifiki kwa kusukuma, kisha ndo nafokasi. Kwa kazi za kulipwa sitoki nje ya alama hizo. Mpira bado naupigia 200 kwa f/8 jua likiwepo, na kwa kuwa upande wa kulia haujapona, mchezaji ninayemtaka namuweka kushoto ya picha namuachia nafasi ya kukimbilia kulia, halafu nyumbani nakata kilicholegea.