Kingamwili ya Tau-1 kwenye neuroni changa: uzoefu wangu

Nimeitumia Tau-1, kingamwili inayoshika tau (protini inayojishikiza kwenye mikrotubuli, vijibomba vya ndani ya neuroni), ile ya klona PC1C6, yaani ukoo wa seli unaoitengeneza, kwa karibu miaka minne kwenye neuroni za hipokampasi, sehemu ya ubongo, zinazotoka kwa viinitete vya panya mkubwa (rat) wa siku 18. Naipenda na naendelea kuiagiza. Ila kuna jambo ambalo karatasi inayokuja na kichupa hulipitia kwa mstari mmoja, nami lilinigharimu wiki nzima: kingamwili hii haioni tau yote. Huishika tau pale tu ambapo serini (asidi amino) za eneo la 195 hadi 202 kwenye mnyororo wake hazijabeba fosfati.

Kazi yangu ya kwanza nayo ilikuwa kwenye seli za siku ya pili, wakati neuroni nyingi zimeshatoa aksoni moja ndefu (mkono unaopeleka ujumbe) na vichipukizi vichache vifupi. Nilipoweka kioo chenye seli chini ya hadubini, picha ilinifurahisha mno. Karibu na kiini cha seli aksoni ilikuwa hafifu, kisha mwanga ukazidi kadiri unavyoifuata kwenda mbele, hadi kwenye koni ya ukuaji, ile ncha inayokua, ambako uliwaka kweli kweli. Nikaandika kwenye daftari kwamba tau inarundikana mwishoni mwa aksoni.

Profesa wangu alisoma ukurasa ule, akauliza, "Umeondoa fosfati?"

"Hapana, Profesa."

"Basi hiyo ni ramani ya fosfati. Ya tau hujaichora bado."

Nikarudi maabarani. Ukishazifiksi seli (kuzitunza zilivyo kwa dawa) na kuzitoboa, unaweza kuzilaza na fosfatesi ya alkali, kimeng'enya kinachoondoa fosfati, kwenye nyuzi 37 kabla ya kuweka Tau-1. Jaribio la kwanza halikubadilisha chochote. Nilibadilisha kimeng'enya nikidhani kimekufa, bado hali ni ile ile. Kumbe nilikuwa nimeziacha seli kwenye bafa (maji ya kutunza asidi isibadilike) ya fosfati, na fosfati iliyo huru huizuia fosfatesi hiyo isifanye kazi. Nilipoosha mara kadhaa kwa bafa ya Trisi, picha ikageuka: sehemu ya aksoni iliyo karibu na seli, ile niliyodhani haina kitu, ikang'aa. Kioo cha pembeni kilichokaa kwenye bafa hiyo hiyo kwa muda ule ule bila kimeng'enya kilibaki kama zamani. Usikose kioo hicho, maana bila yake huna cha kulinganisha.

Baadaye nilisoma Mandell na Banker, waliochapisha mwaka 1996 juu ya mteremko huu huu wa fosfati katika aksoni changa. Na tangu 1987 Papasozomenos na Binder walikuwa wameonyesha kwamba ukiondoa fosfati, Tau-1 hujitokeza hata kwenye mwili wa seli na dendraiti, matawi yanayopokea ujumbe. Kwa hiyo anayekuambia kuwa Tau-1 ni alama ya aksoni anasema kweli nusu. Mimi leo naitumia kwa vioo viwili daima, kimoja chenye fosfatesi na kimoja bila, na tofauti baina yao ndiyo hasa ninayoitafuta. Katika neuroni inayokua, wapi tau imebebeshwa fosfati na wapi haijabebeshwa ni habari tamu kuliko kujua tu kwamba tau ipo.

Kuhusu kufiksi: pasha moto paraformaldehidi yako. Mikrotubuli huvunjika kwenye baridi, na nilipowahi kumimina dawa iliyotoka moja kwa moja kwenye jokofu, vichipukizi vilikatika vikawa kama shanga kwenye uzi. Sasa naipasha hadi nyuzi 37, asilimia 4, na sukari kidogo ndani yake.

Ya kuoanisha nayo nimechagua kingamwili ya MAP2, protini inayotumika kama alama ya dendraiti, iliyotengenezwa kwa kuku. Tau-1 imetengenezwa kwa panya mdogo (mouse), hivyo kingamwili za pili, zile zenye rangi zinazoshika za kwanza, hazigongani. Usitegemee MAP2 ikutenganishie dendraiti siku ya pili, maana wakati huo bado iko karibu kila mahali; ipe wiki moja. Kwenye westan bloti (kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa) ya ubongo mchanga utaona bendi ya kilodaltoni 70 hivi. Niliposhuhudia bendi hiyo mara ya kwanza niliitupa sampuli nikidhani imeoza, ilhali ilikuwa MAP2c, umbo la utotoni. Yale makubwa ya kilodaltoni 280 yanahitaji jeli laini na uhamishaji wa muda mrefu, la sivyo hayatoki.

Malalamiko yangu makubwa hayahusu Tau-1. Ni ya kingamwili ya sungura ya tau yote, niliyoinunua ili niwe na kipimo kisichojali fosfati. Kichupa cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili, namba ile ile ya katalogi lakini loti nyingine, yaani mkupuo mwingine wa utengenezaji, kiliwasha viini vyote. Kwa kuwa wapo wanaosema tau huingia kwenye kiini, nilikaribia kuamini. Nikakijaribu kwenye neuroni za panya wasio na jeni ya tau: viini viliwaka vile vile. Niliwaandikia wauzaji na picha nikaambatanisha, wakanijibu kwamba bidhaa imepita ukaguzi wao. Tangu hapo kila loti mpya naipitisha kwanza kwenye seli zisizo na tau, na nakuomba nawe ufanye hivyo, hata kama itakula siku mbili.

Kama unafanya kazi na vipande vya ubongo wa panya mdogo, Tau-1 itakusumbua, kwa sababu kingamwili ya pili itashika na kingamwili za mnyama mwenyewe, hasa kando ya mishipa ya damu. Kwa seli za kukuza kwenye sahani sijapata shida hiyo. Kingamwili ikifika, igawe kwenye vijichupa vidogo siku hiyo hiyo. Kichupa changu kilichogandishwa na kuyeyushwa mara nyingi kilififia, na nililazimika kupunguza uchanganyaji kutoka 1:1000 hadi 1:200 ili nione kitu.