Uzoefu wangu na Skerry, boti ya mbao ya kujiundia mwenyewe, hapa Tanga

Wadau wa bahari, naulizwa sana kuhusu ile boti nyembamba ya vanishi mnayoiona Raskazone, nani kaiunda, imetoka wapi, inafaa au ni pambo tu, kwahiyo naandika yote hapa kwa pamoja. Nimeiunda mwenyewe bandani nyuma ya nyumba. Inaitwa Skerry, kaichora John C. Harris, inauzwa na Chesapeake Light Craft wa Annapolis kule Marekani, na inakuja kwa seti, yaani plaiwudi imeshakatwa na mashine ya kompyuta kila ubao kwa umbo lake, wewe kazi yako ni kuunganisha. Urefu futi 15, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zote zimechongoka, na ikiwa tupu ina kilo kama 45 hivi. Hizo kilo 45 zishikeni, maana kila nitakachokisifia na kila kitakachokusumbua kwenye hii boti kinatokana na wepesi wake.

Nianze na mzigo kufika. Mbao zenyewe hazina shida, zinakuja bapa kwenye boksi refu. Kasheshe ni forodha, wakala niliyempa kazi Dar alikuwa kila siku ananiambia kesho huku gharama za kukaa bandarini zinapanda, mwisho wa siku usafiri na kodi na hayo mengine vilikaribia bei ya seti yenyewe. Kwahiyo ukipiga hesabu usiangalie bei ya mtandaoni ukafurahi. Na epoksi, ile gundi ya kuchanganya na kigumishaji, hawaiweki kwenye ndege kirahisi, kile kigumishaji chake kinahesabiwa kemikali hatari, kije kwa meli au utafute hukuhuku. Ukitafuta huku kuwa makini sana, wanaotengeneza boti za faiba wengi wanatumia poliesta kwa sababu ni rahisi, na poliesta haishiki mbao inavyotakiwa, baada ya muda inabanduka. Kwenye boti ya mbao dai epoksi tu, hata ukiambiwa ni kitu kilekile.

Haya kuunda sasa. Karatasi ya plaiwudi ina futi 8 na boti ina futi 15, kwahiyo mbao ndefu zinakuja kwa vipande vyenye meno yanayoingiliana, unapaka epoksi, unapigiza taratibu vinakaa, unaweka uzito juu unaacha hadi kesho. Baada ya hapo unatoboa vitundu vidogo pembeni mwa kila ubao na unaanza kushona kwa waya wa shaba, unapitisha, unasokota na plaizi, unaenda kinachofuata. Kila ubao umechimbwa kijimfereji kwenye ukingo ili mwenzake ukae humo usiteleze. Hapa ndo patamu jamani, mbao zilikuwa zimelala chini bapa kabisa, unavyokaza nyaya zinaanza kujikunja zenyewe, zinapanda, na jioni unaangalia unaona chombo. Hakuna kupima wala kukisia, umbo lote liko kwenye ule ukataji. Ufundi huu wa kushona na kugundisha sio wa leo, ulipata umaarufu kwa boti ya Mirror ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, ya Jack Holt na Barry Bucknell, watu wa kawaida tu wakawa wanaunda kwenye gereji zao na zimeshaundwa zaidi ya 70,000.

Jirani yetu kuna babu, fundi mashua wa siku nyingi, alikuwa anapita anachungulia. Siku moja akaingia kabisa, nikamwamkia, akazunguka boti kimya, halafu akaniuliza, "Mwanangu, mataruma yako wapi?" Anauliza zile mbavu za ndani za chombo. Nikamwambia hakina mataruma babu. "Sasa wimbi litapokewa na nini?" Nikamwonyesha pembe za ndani, pale unapochanganya epoksi na unga laini wa mbao mpaka ukiinyanyua na kijiti haidondoki, unaijaza kwenye kona yote kwa mkunjo wa mviringo, halafu juu yake unalaza kitambaa cha faiba na kukilowesha epoksi mpaka weupe wake unapotea kabisa. Yaani ngozi yenyewe ndo mifupa. Akabonyeza kwa dole gumba, akagongagonga kwa kifundo cha kidole kutoka omo hadi tezi anasikiliza, kisha akasema, "Huu mtepe huu, ila umetiwa gundi." Nikafurahi sana, maana kweli pwani yetu hii ilikuwa na mitepe, vyombo vya kushonwa kwa kamba za kumbi bila misumari, na vilikuwa bado vinasafiri mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu siku hiyo akawa anakuja na kiti chake.

Sasa jambo ambalo ningependa kila anayeunda boti hizi Tanga alijue, ni joto na unyevu wetu. Maelekezo yameandikwa vizuri mno, picha hatua kwa hatua, lakini mwandishi yuko nchi yenye baridi. Epoksi inapata joto yenyewe ikichanganywa, na joto letu la mchana likiongezeka juu yake, ukiiacha kwenye kikombe inaanza kutoa moshi na kuganda hapohapo mkononi. Dawa yake changanya kidogokidogo, imwage haraka kwenye trei pana isirundikane, na agiza kigumishaji cha polepole, hiki cha kasi waachie wenye baridi. Kingine ni muda wa kupaka. Asubuhi mbao inaanza kupata joto, hewa iliyo ndani ya mbao inatanuka inatoka, unapata mapovu kila mahali kwenye koti lako, yaani lile tabaka la epoksi ulilopaka. Paka alasiri jua linaposhuka, mbao inapoa, hewa inarudi ndani na inavuta epoksi iingie vizuri. Unyevu nao, hasa miezi ya masika, baadhi ya epoksi zinaacha utando fulani juu unateleza kama mafuta, ukipiga msasa juu ya huo utando msasa unaziba na koti linalofuata halishiki. Chukua maji safi na sifongo, osha, kausha, ndo upige msasa. Na vaa glavu na barakoa wapendwa, mzio wa epoksi ukishakuingia hautoki, na vumbi lake sio la kuvuta.

Kupiga msasa sitaki hata kueleza sana, ni kazi ndefu na ya kuchosha na ndo inayokula siku nyingi kuliko zote. Vumilia tu.

Majini sasa. Tulipoishua maji yalikuwa yamejaa, na mimi na mke wangu tuliibeba wenyewe kutoka kwenye kigari mpaka majini. Linganisha na ngalawa ya gogo la mwembe, pale Deep Sea kwa wavuvi ikivutwa juu ni vijana kadhaa na magogo ya kuviringishia. Hapa Tanga maji yanapwa sana, siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita 3, ukichelewa kurudi unakuta tope na mwamba mtupu mbele yako. Na boti hii ukipandisha ule ubao wa katikati unaoizuia isisogee upande, inaelea kwenye maji yasiyofika magotini, na yakiisha kabisa mnashuka mnaibeba. Hilo peke yake limenilipa.

Tanga nililochukua ni la pembe nne, lina foromali juu, yaani ule mti unaobeba tanga, na mti mwingine chini, na demani moja tu, kamba ya kuongozea tanga, ya kushika. Wavuvi walioipanda walilielewa mara moja kwa sababu ya foromali, ila kilichowashangaza ni kwamba ukigeuza chombo huhitaji kuihamisha foromali kuizungusha mlingoti kama kwenye tanga letu la pembe tatu, unasukuma usukani tanga linahama lenyewe. Usukani nao sio wa kuzungusha mkono kulia kushoto, ni mti mrefu unaosukuma na kuvuta, mbele nyuma, siku ya kwanza unachanganya, baadaye mkono unazoea.

Asubuhi na umande, upepo wa bara ule mwepesi, hii boti ni raha tupu. Inatembea wakati ngalawa zinapiga kasia. Nimekwenda nayo kuzunguka kisiwa cha Toten, nimekwenda mpaka upande wa kisiwa cha Ulenge (kule ni hifadhi, kama unataka kushuka ulizia kibali na ada kwanza) na hata upepo ukikata kabisa inavutwa kwa makasia bila kulalamika.

Lakini kusi ya mchana ni habari nyingine. Chombo kizito ukikigeuza kwenye mawimbi kinaendelea na mwendo wake mpaka kinamaliza kugeuka, hiki chepesi wimbi moja la kutoka mbele linakisimamisha katikati, tanga linapiga kelele, hakiendi kulia wala kushoto. Kwahiyo ukiwa unapiga bisha, yaani unapanda upepo kwa kwenda upande huu na ule, kabla ya kugeuza elekeza omo pembeni kidogo mwa upepo kishike mwendo, subiri pengo kati ya mawimbi, ndo ugeuze. Nikiwa peke yangu naweka madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji katikati sakafuni nayafunga, chombo kinatulia kabisa, na kikipinduka madumu hayakuzamishi maana maji ya chumvi ni mazito kidogo kuliko maji baridi. Tanga lipunguze mapema, usisubiri uone mapovu meupe. Omo na tezi kuna vyumba vya hewa vilivyozibwa, nilikipindua makusudi kwenye maji ya kifua nijue kikoje, kinaelea, unakinyanyua, unaingia unakumba maji na ndoo. Fanyeni hivyo kabla hamjaenda mbali, na jaketi la kuokolea mvae mwilini, sio kulikalia. Njia ya meli ipisheni, siku hizi meli kubwa zinaingia mpaka gatini na haziwezi kukukwepa. Usajili wa chombo ulizeni TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli.

Jua letu ndo adui mkubwa wa epoksi. Isipopakwa kitu juu inachakaa, kwahiyo ni vanishi yenye kinga ya jua, koti juu ya koti, au rangi nyeupe. Rangi nyeusi au bluu iliyoiva sikushauri, mbao inachemka mpaka gundi inalegea. Mimi naiweka chini ya makuti, imefunikwa kifudifudi.

Je ni ya kazi? Ya uvuvi wa kupeleka soko hapana, kupakia nyavu na barafu na watu wanne hapana, hapo ngalawa na mashua zinabaki palepale. Ni ya mtu anayeipenda bahari na anataka kutoka mwenyewe bila kusubiri watu wa kusukuma, na kwa hilo sijaona inayoifikia. Seti ningeinunua tena kwa boti ya kwanza, ule ukataji una thamani yake. Kwa boti ya pili nanunua michoro tu, nakata hapa Tanga na babu ameshasema tutaifanya pamoja.

Kitakachotusumbua ni plaiwudi. Zile marini bodi za kumwagia zege madukani msidanganyike na jina, ni za ujenzi, ndani zina mapengo. Tafuteni ya mti wa okume yenye alama ya BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya baharini, na hata ikiwa na alama kateni kipande kidogo mkichemshe masaa kadhaa jikoni, tabaka zikiachana msinunue hata kama muuzaji anapunguza bei. Anayejua duka la Dar au Mombasa lenye nayo ya kweli, milimita 6, aniambie nimpigie.