TAHADHARI: Mwenye kopo la ugoro na "msalaba wa Mjerumani" yuko Tanga, kanila laki sita na nusu

Jamani, naandika mkono unatetemeka, na nusu yake ni aibu. Mlionicheka juzi kwa kuuziwa nishani feki ya vita endeleeni, ila sikieni kwanza asije akawala na nyinyi.

Alinikuta gereji Ijumaa, ndiyo kwanza nimetoka msikitini. Kijana mpole, kanzu safi, shikamoo imenyooka. Maji nilimpa, akakataa. Akakaa kwenye benchi kimya, kisha akatoa kopo la ugoro la zamani. Ndani kipande cha kanga kilichofifia, akawa anakifunua taratiiibu, kama anafunua uso wa maiti. Msalaba wa Chuma, ile nishani ya vita ya Wajerumani! Mweusi, ukingo wa fedha, W katikati, taji juu, 1914 chini. Nyuma majani ya mwaloni na 1813. Niliugeuza mara kumi.

Mnanijua ninavyopenda habari za vita vya Mjerumani, ile Vita ya Kwanza ya Dunia. Sasa huyu mwanaharamu alikuwa anajua kunizidi! Kanihadithia Novemba 1914, askari wa Kihindi wa Mwingereza wanashuka Ras Kazone hapa Tanga, nyuki wanavyowatimua, silaha walizotupa wakikimbilia majini. Hakukosea hata mahali pamoja. Ungekuwa wewe usingeamini? Akasema babu yake alikuwa askari, na msalaba kaachiwa na bwana wake Mjerumani akikata roho vitani Jasini, Januari 1915. Hapo akalia. Machozi kweli, si ya kitunguu. Kataja laki nane, nikasema sita na nusu, akanyamaza, akaubusu, akaniwekea kiganjani. "Baba, usije ukauuza." Na mimi ndiye niliyembembeleza anyamaze! Nikamtumia kwa simu palepale, zile hela za geti la mteja wa Chumbageni.

Jumapili nikampelekea picha mzee wangu wa Pangani, anayezijua nishani hizi. Hakusifu. Kauliza tu, "Umeutia sumaku?"

Mimi fundi wa kuchomelea. Sumaku inaning'inia ukutani, hatua tatu kutoka pale nilipolipia. Nikaisogeza. Haikushika kitu.

Huyo mtu afungwe! Akamatwe na kopo lake, asimamishwe sokoni kila mtu amwone, ndiyo apelekwe ndani. Anauza machozi ya marehemu wa watu! Namba yake tangu Jumamosi haipatikani, na nasikia yuko Korogwe, safari hii ana beji.

Haya, mnaoniuliza ningejuaje. Wa kweli wa 1914 moyo wake ni chuma kilichotiwa weusi, kimebanwa na fremu mbili za fedha, pembeni mshono unauona. Wangu umemiminwa kipande kimoja kama kitasa cha bei rahisi. Halafu una kutu ya kijani. Kijani! Chuma gani kinaota kutu ya kijani, na mimi chuma ndiyo ugali wangu? Sumaku ikishika nayo usishangilie, wapo wanaoghushi kwa chuma. Na hadithi yenyewe, mzee kaivunja kwa swali moja: Mjerumani aliyekufa Januari 1915, nishani ya 1914 ilimfikia kwa meli gani, na manowari za Mwingereza zimetanda baharini?

Mlioko Korogwe na Muheza, mkimwona msimshtue. Mshikeni maongezi, mpeni hata chai, mnipigie. Nakuja na bodaboda.