PhET kwa wanafunzi wa fizikia: uzoefu wangu hapa Bukavu

Jioni ninafundisha marudio ya hesabu na fizikia huku Kadutu, zaidi kwa vijana wa mwaka wa sita wanaojiandaa na Exétat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Wengi wao wametoka shule zisizo na maabara. Wameijua fizikia ya ubaoni tu: wanainakili kwa Kifaransa, wanaikariri, basi. Kwa vijana hao, sijapata kifaa kilichonisaidia kama PhET.

Ni majaribio ya kuchezea kwenye skrini, kazi iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mmoja wa washindi wa Nobel ya fizikia ya 2001, katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ni ya bure. Na kwa sisi tunaohesabu mega, raha ni kwamba majaribio yake ya HTML5, yaani yanayofunguka kwenye kivinjari cha kawaida, unaweza kuyapakua, kisha yakafunguka bila intaneti. Mimi nilipakua, vijana wakarushiana kwa Bluetooth. Yapo kwa Kifaransa, na mengine kwa Kiswahili.

Ninalolipenda kupita yote ni la penduli, yaani uzito unaobembea kwenye kamba. Kabla mtu hajagusa kitu nauliza: tukiongeza uzito, itabembea haraka zaidi au polepole? Hapo kelele zinaanza, kila mtu na upande wake. Kisha mmoja anaongeza uzito mpaka kilo 1.5, na muda wa mbembeo haubadiliki hata kidogo. Tunageukia urefu. Kamba ya mita 1 inachukua kama sekunde 2 kwenda na kurudi. Ya mita 0.25, sekunde 1. "Mwalimu, kamba tumeigawa kwa nne, mbona muda umegawanyika kwa mbili tu?" Swali hilo likishatoka kinywani mwao, kipeuo cha pili cha urefu kwenye fomula ya muda hakihitaji kukaririwa tena. Halafu wanaipeleka ile ya mita 1 Mwezini, ambako mbembeo mmoja unafika karibu sekunde 5, na wanashangilia.

Siachii hapo. Tunafunga jiwe kwenye kamba ya mita moja, tunapima muda wa mibembeo kumi kwa simu, tunagawa kwa kumi. Bila jiwe hilo, skrini hubaki mchezo tu, naamini hivyo kabisa.

La sakiti za umeme nalo lina nguvu yake. Pale kwenye skrini, ukiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri inawaka moto. Katika mitaa yetu, ambako nyaya huungwa kwa mkono tu, msichana mmoja aliuliza papo hapo fyuzi inakaa wapi nyumbani kwao.

Kwenye simu ndogo vidole vinasumbuka, kwa hiyo heri kompyuta moja kwa vijana wanne. Na mazoezi ya kalamu yasiachwe, maana mtihani unadai ukokotoe mwenyewe. Mwalimu mwenzangu, anza na penduli; sakiti iwekee jioni nzima, kwa sababu hawatataka kuondoka.