Tarumbeta Fupi kwa Muziki wa Baroko na wa Klasiki: Mpulizaji wa Lubumbashi Anunue Lipi?

Mpulizaji wa Lubumbashi aliyelelewa katika fanfari ya kanisa kwa kawaida ana tarumbeta moja tu, lile la si bemoli (B♭), nalo linamtosha kwa kazi nyingi: maandamano, mazishi, harusi, misa ya Jumapili. Mambo hubadilika pale kwaya inapoamua kuimba Händel wakati wa Noeli au Pasaka, au pale mwalimu anapomwekea mwanafunzi wake konseto ya Haydn mbele ya macho. Hapo linazuka swali la kununua tarumbeta la pili, lililo fupi na lenye sauti ya juu zaidi, na wengi hulijibu haraka mno, kwa kuchagua lililo dogo kuliko yote wakiamini kwamba litawapa noti za juu ambazo bado hawana.

Halitawapa. Noti ya juu hutoka katika pumzi na katika misuli ya midomo, na mtu anayeishia kwenye sauti fulani na tarumbeta la si bemoli ataishia karibu palepale na ala nyingine yoyote. Kinachobadilika ni uhakika wa kuipata noti. Katika karne ya 17 na ya 18 tarumbeta halikuwa na pistoni, yaani vile vitufe vinavyobadili urefu wa mrija. Lilikuwa mrija mtupu ambao, ukiwa wa ufunguo wa re (D), ulizidi mita 2, na wimbo wake ulipigwa hasa kati ya sauti ya 8 na ya 16 za mfululizo wa asili, yaani zile sauti ambazo midomo peke yake huzitoa katika mrija mmoja, mahali ambapo sauti zimesongamana kiasi kwamba mdomo ukiteleza kidogo tu unatua kwenye sauti ya jirani. Mrija wa tarumbeta letu la si bemoli una urefu wa chini kidogo ya mita 1.5, na ule wa pikolo, tarumbeta dogo kuliko yote, ni nusu yake. Wimbo uleule wa re meja, ukipigwa kwa pikolo ya la (A), unaangukia kati ya sauti ya 3 na ya 6, ambako nafasi baina ya sauti na sauti ni pana. Unachonunua, basi, ni usalama huo, pamoja na wepesi wa sauti na ufunguo unaosomeka bila mateso.

Kwa sababu hiyo ninaanza na ufunguo wa muziki utakaoupiga, wala si na ukubwa wa ala, na kwa mpulizaji wa kwaya za hapa ninaweka nafasi ya kwanza tarumbeta la mi bemoli (E♭) na re. Ni ala moja yenye mirija ya akiba: ukiitia mirefu, mi bemoli inashuka nusu toni na kuwa re. Haydn aliandika konseto yake mwaka 1796 kwa ajili ya Anton Weidinger wa Vienna, katika mi bemoli meja, kwa hiyo mwenye tarumbeta hili anaisoma katika do meja, vidole vikiwa vimetulia. Konseto ya Hummel ya mwaka 1803 iko katika mi meja, lakini inapatikana pia ikiwa imeshushwa hadi mi bemoli. Upande wa re kuna hazina kubwa zaidi: Händel na Masihi yake ya mwaka 1741, Purcell, Torelli wa Bologna, Te Deum maarufu ya Charpentier. Händel hampandishi mpulizaji juu kama Bach anavyofanya, na katika kazi zake tarumbeta la re linabaki na mwili wa sauti ambao pikolo haina, jambo linalosikika sana katika kanisa kubwa lenye mwangwi kama kanisa kuu letu la Watakatifu Petro na Paulo. Kuna faida nyingine isiyotajwa mara nyingi: kwa kuanzia unaweza kutumia embushuri yako ileile, yaani kile kikombe cha metali kinachokaa midomoni, na hivyo huuvurugi mdomo ulioujenga kwa miaka.

Yamaha YTR-6610S na Schilke E3L ni mifano miwili ya kutafuta, iwe mipya au iliyotumika. Unapolijaribu, usiridhike na upande mmoja. Ala nyingi za aina hii zimesanifiwa kwa ajili ya mi bemoli, na re huja kama nyongeza. Tia mirija ya re, kisha panda na kushuka polepole huku programu ya kutuni ikiwa wazi kwenye simu, ukizitazama hasa zile noti za mi na fa za juu. Kama zinayumba upande wa re, na kazi yako ni Händel, endelea kutafuta.

Nafasi ya pili ni pikolo ya si bemoli na la, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Anayetaka Bach hana njia ya kuikwepa. Konseto ya pili ya Brandenburg, katika fa meja, kwenye mkusanyo ambao Bach aliutoa wakfu mwaka 1721, na Oratorio ya Noeli ya mwaka 1734 zinadai mpulizaji akae juu muda mrefu bila kukaza shingo. Aliyeifanya ala hii ijulikane duniani kote ni Maurice André, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1933 karibu na Alès, mtoto wa mchimba makaa ambaye mwenyewe alifanya kazi mgodini ujanani. Sisi wa mji wa migodi tuna sababu ya kulikumbuka jina hilo, na ninamshauri kila kijana azisikilize rekodi zake kabla ya kuchagua ala, ili sikio lijue sauti inayotafutwa: laini na yenye kung'aa, isiyopiga kelele.

Chukua pikolo yenye pistoni 4. Pistoni ya nne inashusha sauti kwa kwarta moja, yaani toni mbili na nusu, na kukurudishia noti za chini ambazo kazi nyingi za Baroko zinazihitaji. Yenye pistoni 3 itakuacha katikati ya wimbo. Hakikisha inakuja na mirija yake miwili ya mbele, mmoja wa si bemoli na mwingine wa la. Huo wa la si pambo. Muziki wa re meja, ambao ndio mwingi, kwenye pikolo ya si bemoli unakuwa mi meja wenye diezi (♯) 4. Kwenye ile ya la unakuwa fa meja wenye bemoli moja tu, na vidole vinashukuru. Kagua pia tundu la kupokea embushuri, kwa maana pikolo nyingine hupokea shina la tarumbeta na nyingine shina jembamba la korneti, na embushuri isiyokaa sawasawa huharibu tuni yote.

Yamaha, Schilke kwa P5-4 yake, Selmer wa Paris na Stomvi wa Hispania hutengeneza pikolo za kuaminika, lakini mpya za daraja la juu ni za dola elfu kadhaa. Zile zisizo na jina la kueleweka, zinazouzwa kwa dola mia chache, zinavutia, nami naelewa kwa nini. Hata hivyo mrija ukiwa mfupi hivyo, kasoro ndogo ya kiwandani inasikika maradufu, na mwanafunzi anabaki akijilaumu kwa noti ambayo hata bwana asingeweza kuinyoosha. Ni afadhali kuweka akiba na kungoja iliyotumika vizuri. Ukishaipata, usiipige zaidi ya nusu saa kwa siku katika miezi ya mwanzo, na umalize mazoezi kwa noti ndefu na za chini kwenye tarumbeta la si bemoli. Mwezi wa Juni na wa Julai, asubuhi za Lubumbashi zinapokuwa na baridi kali, ala baridi hushuka tuni. Iweke ndani ya koti hadi dakika ya kupiga, na kumbuka kwamba milimita moja ya kuvuta mrija kwenye pikolo ina uzito wa milimita mbili kwenye tarumbeta la kawaida.

Tarumbeta la do naliweka la tatu, ingawa katika orkestra za Ufaransa na Marekani ndilo la kila siku. Limepanda toni moja tu juu ya si bemoli, hivyo halitatui tatizo la Bach. Lakini kama kazi yako ya kila wiki ni kupiga pamoja na ogani, ukisoma moja kwa moja juu ya bega la mpiga ogani bila kuhamisha ufunguo, lipandishe hadi la kwanza na usiwe na wasiwasi.

Matarumbeta ya fa na ya sol yapo, na ni mazuri kwa kazi chache. Usianze nayo.

La mwisho ni tarumbeta la asili lenyewe, refu, lisilo na pistoni, ambalo mafundi kama Egger wa Uswisi hulitengeneza leo, mara nyingi likiwa na vitundu vya kusawazisha sauti. Ninalipenda mno, na mwenye nafasi ya kulisikia likipigwa asiikose. Tatizo ni kwamba wapigaji wa Baroko wa Ulaya hutuni noti ya la kwenye herzi 415, karibu nusu toni chini ya 440 yetu, na vinanda vya makanisa yetu haviwezi kushuka kuwafuata. Ukiliagiza, omba liwe na mirija ya 440 pia.

Kwa ala iliyotumika, chomoa mrija wa pistoni moja bila kubonyeza pistoni hiyo: usiposikia mlipuko mdogo wa hewa, pistoni imelika. Kisha chunguza mrija wa mbele kwa taa. Tarumbeta ni shaba iliyochanganywa na zinki, na watu wa Katanga wanaijua rangi ya shaba tupu. Madoa mekundu kama hayo yakionekana kwenye mrija, zinki imekwisha kuondoka mahali hapo na metali inaoza kutoka ndani. Muuzaji atakwambia ni uchafu tu. Sugua kwa kitambaa, na doa lisipotoka, rudisha ala kwenye sanduku.

Bei unayoiona kwenye intaneti si bei ya kufika. Ongeza usafirishaji na ushuru wa forodha, iwe mzigo unashukia uwanja wa ndege wa Luano au unapita mpaka wa Kasumbalesa kwa lori, na uombe risiti yenye bei halisi ndani ya kifurushi. Agiza mafuta ya pistoni na embushuri ya pikolo katika mzigo uleule, kwa kuwa kuviagiza baadaye peke yake kutakugharimu usafiri wa pili.