Dozi ya warfarin: kupima INR au kusoma jeni?
Warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande, ina mambo kweli, mmoja anatosheka na miligramu 2 kwa siku mwingine 10 bado, ukizidisha anavuja damu, ukipunguza damu inaganda.

Njia ya zamani ni kuanza na 5, unapima INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, unarekebisha, unapima tena mpaka isome kati ya 2 na 3. Inachosha jamani, wiki za mwanzo ni kuchomwa sindano tu.

Njia ya pili, kompyuta inasoma jeni CYP2C9 na VKORC1, zile zinazoamua mwili unavyoipokea warfarin, inachanganya na umri na uzito halafu inakadiria dozi yako mapema. Safi, ila imefundishwa kwa data za nani? Kwenye jaribio la COAG kule Marekani, 2013, wagonjwa weusi waliopangiwa dozi kwa jeni walikaa muda mfupi zaidi kwenye INR salama kuliko waliopangiwa bila jeni. Badiliko la CYP2C9*8, ambalo sisi Waafrika ndio tunalo zaidi, halikuhesabiwa!

Kwa mzazi wangu leo nachagua INR, na hata ukienda na jeni bado utapimwa INR vilevile.